Vikombe vya Kahawa Ndani ya Wimbo

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1982. Jina langu halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na mwezi uliofuata mjomba wangu alikuja kunichukua akaniweka dukani kwake Ngamiani, Tanga. Ngamiani mitaa inaitwa kwa namba, nasi tulikuwa Barabara ya 12. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili. Dirisha lilipanuliwa likawa kaunta, na juu yake mjomba aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi nyekundu, TUNAREKODI KANDA. Ndani mlikuwa na redio kaseti mbili, gramafoni moja, kabati la kanda, stuli ya mjomba, na kopo la maziwa lenye pamba na spiriti. Nilikaa humo miaka 14.

Mteja alikuja na kanda tupu, au kanda aliyochoka nayo, pamoja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule yenye nyimbo anazozitaka. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, yaani nyimbo sita au saba huku na sita au saba kule, ukijua kupanga. Asiyejua kupanga huacha wimbo wa mwisho ukatike katikati ya kiitikio, na hilo mteja hasamehi. Kama kanda ilinunuliwa na muziki wake, vile vijino viwili vya mgongoni vilikuwa vimeshavunjwa ili mtu asirekodi juu yake. Sisi tulikunja karatasi ya pakiti ya sigara, tukaziba matundu, ikakubali. Mpaka leo nikishika kanda kidole changu huenda chenyewe mgongoni kupapasa kama vijino vipo.

Tanga ni mji wa muziki, na sitaki mtu adhani tulikuwa tunakaa tukingoja vya watu. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ni wa kwetu kwa upande wa dansi. Black Star na Lucky Star ni wa kwetu kwa taarab. Daftari letu la kwanza, lenye jalada jekundu, lilikuwa la hao na wenzao, na ndilo lililokuwa likilisha nyumba. Daftari la pili, la kijani, lilikuwa la nyimbo za kizungu. Hilo la kijani ndilo ninalotaka kulisimulia, kwa sababu wanangu wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini watu wa rika langu nyimbo za miaka ya 80 hazitutoki, na kwa nini wao wenyewe, waliozaliwa baadaye, wakizisikia wanaanza kutikisa kichwa. Majibu ya kawaida ni kwamba zilikuwa nzuri, au kwamba tulikuwa vijana. Yote mawili ni kweli, lakini nyimbo nzuri nyingi za ujana wetu zimekufa. Nimeziona zikifa mikononi mwangu, na nilikuwepo nyingine zilipopona.

Kwanza mtu aelewe zilivyokuwa ngumu kufika. Redio Tanzania ilipiga zaidi muziki wa nyumbani, na uamuzi huo ulikuwa na maana yake. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kuona Dar es Salaam ikipiga marufuku madansi ya soul mwaka 1969. Televisheni Tanzania Bara haikuwepo kabisa mpaka mwaka 1994, ingawa ng'ambo tu ya maji, Zanzibar, walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 70. Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977, na Horohoro, ambako mtu wa Tanga alikuwa akipita kwenda Mombasa kama anayekwenda sokoni, pakawa mahali pa kupita kwa hofu. Kwa hiyo wimbo wa kizungu ulitufikia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mabaharia waliotia nanga bandarini. Ya pili ni ndugu walioko Mombasa, Dubai na Maskati, ambao walituma kanda ndani ya furushi la nguo. Ya tatu ni redio za nje usiku, tukiwa tumeweka kidole juu ya kitufe cha kurekodi, tunamwomba Mungu mtangazaji asizungumze juu ya wimbo.

Mwaka 1983, ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, mjomba alipakia kanda zake za kutoka nje kwenye gunia, akazipandisha darini chini ya makumbi ya nazi. Hakuwa mhujumu. Lakini mwaka ule hata mtu mwenye sabuni tatu nyumbani alijiuliza mara mbili. Zilikaa huko miezi, na tulipoziteremsha nyingine zilikuwa zimeota ukungu mweupe kama unga. Novemba mwaka huohuo mpaka ukafunguliwa. Miaka miwili baadaye akaingia madarakani Mzee Mwinyi na ruksa yake, na mitumba, na vitenge, na redio zenye deki mbili. Daftari la kijani likajaa, tukanunua jingine.

Watu hawakuagiza kwa majina ya Kiingereza. Waliagiza kwa alama walizoziona wao. Ule wa simu ulikuwa wa Stevie Wonder, 1984. Ule wa Kilimanjaro ulikuwa wa Toto, 1982. Ule wa ngoma zinazochelewa ulikuwa wa Phil Collins, 1981, kwa sababu mtu huimba peke yake zaidi ya dakika tatu ndipo ngoma zianguke. Mjomba aliyaandika majina hayohayo daftarini, na karibu na jina aliweka namba ya kanda mama. Kanda mama ni ile ambayo kopi zote hutoka kwake. Haikuuzwa wala kuazimwa.

Sasa nije kwenye kopi, maana ndiko kuliko na jibu langu.

Kanda ina kelele yake yenyewe, ule mlio wa shii, kama mafuta yanayochemka nyumba ya jirani. Ukitoa kopi, kelele ya kanda mama inaingia kwenye kopi, na kopi inaongeza yake. Mteja anakwenda nayo Pangani, rafiki yake anatoa kopi ya kopi. Wa Mkwaja anatoa ya tatu. Kila hatua sauti nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kufa: matoazi, pumzi ya mwimbaji, vinanda vya nyuzi vinavyopigwa kwa upole. Wimbo unaoanza polepole mwanzo wake unamezwa wote na shii. Na redio nyingi zilikuwa za spika moja, kwa hiyo ufundi wote wa kuweka gitaa kushoto na kinanda kulia uliishia hapo. Betri zikichoka wimbo mzima unashuka, mwanamke anaimba kama mwanamume, na tulianika betri juani zipate nguvu ya jioni moja zaidi.

Mjomba alipigana na hayo kwa bisibisi ndogo ya fundi saa. Pembeni ya hedi ya redio kaseti kuna skrubu moja yenye springi. Ukiikaza au kuilegeza robo ya robo ya mzunguko, hedi inalala au inainuka, na kama haikai sawasawa na utepe, sauti za juu zinapotea. Kila kanda ilirekodiwa na mashine yake, na kila mashine ina kilema chake. Mjomba aliweka kanda ya mteja, akasogeza sikio mpaka likakaribia kugusa spika, akafumba macho, akaizungusha ile skrubu kidogo, akarudisha, akaizungusha tena. Ghafla utaji unafunuka, matoazi yanatokea yalikokuwa yamejificha. Hapo hufungua macho. Sikuwahi kumwona akifanya jambo lolote kwa unyenyekevu kuliko lile, isipokuwa kuswali.

Pamoja na ufundi wote huo, kopi ya nne ni kopi ya nne. Mimi nilianza kuona kwamba kuna nyimbo ambazo hata zikifika Korogwe zikiwa zimechakaa kama noti ya mwisho wa mwezi, bado watu wananyanyuka. Na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimetengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1987.

Sikujua sababu wakati ule. Nimeisoma baadaye, kidogo kidogo, nikiwa mtu mzima. Mwaka 1979, katika studio ya Townhouse, London, Phil Collins alikuwa akimpigia ngoma Peter Gabriel. Meza ya kurekodia ya studio hiyo ilikuwa na maikrofoni ya juu iliyowekwa kwa ajili ya fundi kuwasikia wanamuziki wakiongea, na maikrofoni hiyo ilikuwa ikiminya sauti kwa nguvu mno. Ngoma zilipopita humo zikatoka kubwa kama nyumba inayoanguka. Fundi Hugh Padgham na wenzake wakaikamata sauti ile, wakaiachia mwangwi wote, halafu wakaikata ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Albamu ikatoka 1980. Mwaka uliofuata Collins akaitumia katika wimbo wake mwenyewe, ule wa ngoma zinazochelewa, na baada ya hapo karibu kila mtu akataka ngoma za aina hiyo. Sauti ya namna ile, kubwa kisha kimya, haiwezi kumezwa na shii. Kimya chenyewe kinaisaidia. Kwenye kopi zetu mwanzo wa wimbo ule ulikuwa haupo kabisa, unasikia tu mafuta ya jirani yakichemka na mtu akinong'ona ndani yake. Wateja walivumilia. Walijua kinachokuja, na kilipokuja hata bao lilisimama barazani.

Mashine nazo zilikuja wakati huohuo. Mwaka 1980 Roger Linn wa Marekani alitoa mashine iliyobeba sauti za ngoma halisi, na mwaka huohuo Roland wa Japani wakatoa TR-808, ambayo ngoma zake si za ngozi yoyote duniani. Marvin Gaye aliitumia 808 akiwa Ubelgiji kutengeneza Sexual Healing ya 1982, na kila pigo lake limesimama peke yake, lina nafasi kushoto na kulia kama mnazi shambani. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa kinanda cha DX7, chenye ile sauti ya kengele laini inayosikika kwenye bluzi karibu zote za miaka iliyofuata. Prince, kwa When Doves Cry ya 1984, aliondoa besi yote. Sisi hatukujua kwamba ameiondoa. Tulijua tu kwamba wimbo ule unalia vizuri kwenye kiredio kidogo chenye spika ya ukubwa wa kikombe sawasawa na kwenye maboksi ya disko la Idi, kwa kuwa hakukuwa na besi ya kupotea.

Sisemi kwamba watu wa London na Minneapolis walikuwa wakifikiria Ngamiani. Nasema nyimbo zile zilisukwa kwa vipande vichache vikubwa, kila kimoja na mahali pake, na kitu kilichosukwa hivyo kinavumilia safari. Sweet Dreams ya Eurythmics, 1983, ilirekodiwa na watu wawili kwenye chumba cha dari juu ya karakana ya fremu za picha huko Chalk Farm, London, kwa mashine ndogo ya njia nane. Niliposoma hilo nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Vyumba vyetu havikuwa mbali kama nilivyodhani.

Halafu kuna jambo la macho. MTV ilianza Marekani tarehe 1 Agosti 1981, na kuanzia hapo nyimbo nyingi zilitengenezwa zikitarajia kuonekana. Filamu fupi ya Thriller ya Michael Jackson, ya mwishoni mwa 1983, inakaribia dakika 14. Sisi Thriller tuliisikia kwanza bila kuiona, na kwa wengi wetu ilipita miaka mingi kabla ya kuiona. Ule mlango unaolia mwanzoni tuliuwekea nyumba yetu wenyewe. Mimi niliuweka kwenye gofu moja karibu na Raskazone, ambako tulikuwa tukikatazwa kwenda jioni, na mpaka leo, pamoja na kuwa filamu nimeiona mara kumi, nikisikia mlango ule ninaona gofu la Raskazone.

Maneno nayo tuliyajaza wenyewe. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la saba. All Night Long ya Lionel Richie, 1983, ina mahali katikati panapoimbwa kwa lugha isiyo Kiingereza, na pale kaunta pakazuka ubishi wa wiki nzima. Baharia mmoja aliapa ni lugha ya Kongo kwa kuwa amewahi kufika Matadi. Mzee mmoja wa Kidigo alisikiliza mara mbili akasema ni Kidigo cha zamani ambacho vijana wamekisahau. Ukweli ni kwamba si lugha ya mtu yeyote, Richie aliyabuni maneno yale. Nilipolijua hilo, mzee yule alikuwa ameshafariki, na nafsini mwangu nimemwachia Kidigo chake.

Wa Kilimanjaro nao ulileta ubishi, maana unauweka mlima na Serengeti mahali pamoja. Waliowahi kupanda treni ya Tanga kwenda Moshi walijua mlima ule umesimama peke yake, na Serengeti iko mbali huko magharibi, ng'ambo ya Arusha na Ngorongoro. David Paich, aliyeutunga pamoja na Jeff Porcaro, alikuwa hajafika Afrika wakati huo. Walibishana, wakamkosoa, wakarekodi. Ulikuwa katika nyimbo tano za juu za daftari la kijani kwa muda wote niliokaa pale. Na wimbo mmoja wa Billy Ocean wa 1984 ulitolewa kwa majina matatu, likiwemo la Caribbean Queen na la African Queen. Kanda yetu ilisema African Queen. Nilipokuja kusikia redioni, miaka ya 90, likitajwa jina la Caribbean, nilidhani mtangazaji amekosea.

Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, waimbaji zaidi ya 40 walikusanyika studio ya A&M, Los Angeles, kurekodi We Are the World kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Stevie Wonder alitoa wazo kwamba waingize maneno ya Kiswahili. Bob Geldof, aliyekuwepo, akawaambia kwamba Ethiopia hawasemi Kiswahili, na wazo likaachwa. Alisema kweli. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilikaa nikaiwaza siku nzima. Wimbo ule tuliurekodi mpaka kanda mama ikalegea, na hatukujua kwamba lugha yetu ilifika mlangoni usiku ule ikarudishwa.

Ikaingia miaka miwili baadaye. Mwaka 1987, kwenye albamu ya Bad ya Michael Jackson, wimbo wa Liberian Girl unaanza kwa sauti ya mwanamke, Letta Mbulu wa Afrika Kusini, akisema maneno ya mapenzi kwa Kiswahili. Kanda ilitoka Mombasa asubuhi. Mjomba aliiweka, akakaa kwenye stuli, yule mama akasema. Mjomba akarudisha nyuma. Akasikiliza. Akarudisha tena. Watu waliokuwa barazani wakaja dirishani. Kiswahili chake si cha Tanga wala cha Unguja, na mwalimu wa sarufi angekuwa na la kusema. Hakuna aliyejali. Kijana mmoja, mpakiaji wa mkonge bandarini, alilipia kanda nzima ya dakika 60 irekodiwe wimbo ule mmoja, mwanzo mpaka mwisho, pande zote mbili.

Na sisi tulipeleka pia. Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Mombasa ilivuka mpaka Ujerumani, Boney M wakaiimba kwao mwaka 1983. Nayo tuliirekodi, zote mbili. Watu walipenda zaidi ya Mushrooms.

Lakini wimbo ninaotaka kuukalia ni ule wa saksafoni. Careless Whisper ya George Michael ilitoka katikati ya mwaka 1984. Aliutunga akiwa na miaka 17 hivi, pamoja na rafiki yake Andrew Ridgeley, na saksafoni ilijaribiwa na wapigaji kadhaa kabla ya Steve Gregory kuipata ilivyotakiwa. Tanga ulifika mwaka 1985, mwezi wa Ramadhani, mfukoni mwa baharia ambaye meli yake ilikuwa inaondoka alfajiri.

Ilikuwa baada ya futari. Waya wetu wa kuunganishia mashine mbili ulikuwa umekatika siku mbili kabla, na wa kununua haukupatikana mji mzima. Mjomba akaamua turekodi kwa maikrofoni. Tulitandika kanga mbili juu ya kaunta, tukaziweka redio uso kwa uso, umbali wa kama viganja viwili kati yake, tukafunga dirisha. Watoto wa nyumba ya nyuma wakapelekwa kwa jirani. Mjomba alinionyesha kwa kidole nikae sakafuni nisiguse kitu, maana stuli ya pili ilikuwa inalia. Baharia akasimama mlangoni na saa yake mkononi. Joto la chumba kile lilikuwa la kutoa machozi.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda salama. Ukaanza wa saksafoni, nikasahau joto. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kama kile. Saksafoni niliijua ya bendi zetu, inayocheka na kuitana na tarumbeta. Hii ilikuwa inalia peke yake. Wimbo ulipofika kwenye utuo wa mwisho, saksafoni inarudi kabla ya mwimbaji, nikasikia nje, kwa mbali, muuza kahawa anakuja.

Mtu wa pwani anaujua mlio ule. Muuza kahawa anashika vikombe viwili vitupu kwa mkono mmoja, anavigonganisha kwa vidole: nging, nging-nging. Mjomba aliinua mkono kana kwamba mtu wa nje angeuona. Kufungua mlango ni kuharibu zaidi, mlango wenyewe ulikuwa unalia. Tukabaki tunatazamana. Vikombe vikapita chini ya dirisha letu, vikaingia ndani ya saksafoni, vikaambatana nayo pigo kwa pigo, kisha vikafifia kuelekea Barabara ya 13. Mwimbaji akarudi kuimba. Wimbo ulipoisha baharia alichukua kanda yake, akatupa mkono, akaondoka. Hapakuwa na muda wa kurudia. Kopi ile ndiyo ikawa kanda mama.

Tuliirekodia Tanga nzima. Mjomba alikuwa akiona aibu, akimweleza kila mteja kwamba kuna kelele kidogo kuelekea mwisho. Ikaenda Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto. Mwaka mmoja baadaye kijana kutoka Pangani alikuja kuomba ule wimbo wenye njuga. Tukamuuliza njuga zipi. Akatuimbia saksafoni kwa mdomo, na mahali pake, barabara kabisa, akagonga kaunta kwa sarafu. Mjomba hakusema kitu. Alimrekodia.

Baadaye tulipata kopi safi kutoka Mombasa, iliyotoka moja kwa moja kwenye sahani ya santuri. Mjomba alifurahi, akaiandika daftarini juu ya ile ya zamani. Mteja wa kwanza aliyeichukua alirudi nayo kesho yake. Alisema tumempa wimbo mwingine.

Lazima niseme pia kwamba hatukumlipa mtu. George Michael hakupata senti yetu, na hilo huenda halikumuumiza. Lakini wapigaji wa daftari jekundu, watu waliokaa mitaa mitatu kutoka kwetu, nao hawakupata, na baadhi yao nilikuja kuwaona wazee wakiwa hawana nauli. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuta sisi tumeshafunga. Nilipokuwa kijana sikuliona hilo kuwa deni. Sasa naliona.

Tulifunga mwaka 1996. Redio na televisheni za watu binafsi zilikuwa zimeanza Dar es Salaam miaka miwili nyuma, mtu alisikia wimbo wake bure na safi. Mjomba alifariki miaka michache baadaye. Kanda mama zilibaki kwangu kwenye maboksi mawili, na hewa ya bahari imezila. Tepe zimegandana, ukizilazimisha zinakatika. Ya saksafoni niliijaribu mara ya mwisho kwa kalamu ya biki, nikaizungusha polepole, ikafika robo, ikakatika. Siku hizi pale Barabara ya 12 kuna vijana wana kompyuta, wanawawekea madereva wa bajaji nyimbo kwenye flashi. Nilipita nikawaona wanaandika orodha kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Theluthi ya orodha ilikuwa nyimbo zangu.

Desemba moja nilialikwa harusi Muheza, upande wa mke wangu. Ukumbi mkubwa, maturubai, muziki kutoka kwenye kompyuta, sauti safi hata unasikia mwimbaji akivuta pumzi. Baada ya chakula watu wazima waliwekewa zao. Ikaja saksafoni. Nilikuwa na kikombe cha chai, nikakiweka chini nisikilize. Wimbo ukaenda, ukafika utuo wa mwisho, saksafoni ikarudi peke yake, safi, hakuna kitu ndani yake. Meza ya tatu kutoka kwetu alikuwa amekaa mwanamume wa rika langu, kofia ya kito, simjui. Hakuwa anamtazama mtu. Alichukua kijiko, akagonga ukingo wa kikombe chake: mara moja, kisha mara mbili haraka, kisha akaendelea hivyo, akipunguza kidogo kidogo, mpaka mwimbaji aliporudi.